Pomboo Hawahesabiwi

Santa Eulina, Oktoba 3

Baba yangu mpenzi,

Naomba baraka zako. Natumaini bandeji ya jicho imeshatolewa huko Manaus, na kwamba Shangazi Lucineide anakusomea barua hii bila kuruka mistari. Sisi hatujambo. Mama mguu umepona, mdomo ndio haujapata dawa.

Habari za ziwa ni njema. Wataalamu walikuja kuwapima wahesabu samaki, nami nikakaa mahali pako. Mzee Osmarino akauliza kama wewe, Adalgiso, umeishiwa wanaume hata umtume binti mtumbua samaki. Nikamjibu kwamba samaki hawaulizi nani kavaa sketi. Tukanyamaza dakika ishirini, tukihesabu kila samaki wa pirarucu aliyepanda juu kuvuta pumzi. Yeye akasema wakubwa themanini na mmoja, mimi nikasema sitini. Watu wakacheka, wakadai nilisinzia.

Kisha nyavu zikazungushwa ziwa zima. Tulivuta kutwa nzima, kila samaki akahesabiwa na kurudishwa majini. Wakatoka wakubwa sitini na wawili. Kumbe Osmarino alihesabu na pomboo! Sasa kila akipita, wanawake humwuliza pomboo wake wanaendeleaje. Watu wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, jicho hili ni lako. Jumapili wanataka kukuchagua mkuu wa hesabu.

Hapo ndipo moyo unaniuma. Shangazi, sehemu hii usiwasomee majirani. Baba, miaka mitatu sasa wewe pia umekuwa ukihesabu pomboo. Mwaka jana, mimi nimekaa nyuma yako na daftari, ulinitajia tisini, nikaandika sitini na wanne. Katika kila wakubwa kumi tunaruhusiwa kuvua watatu tu. Kwa hesabu yako tungelimaliza ziwa, turudi kula soseji za kopo kama nilipokuwa mdogo. Niliogopa kukuaibisha, nikakudanganya. Nisamehe.

Jumapili nitasema ukweli mkutanoni, na nafasi ile nitaiomba kwa jina langu. Nimetaka uyasikie haya kwangu kwanza.

Mama anakusalimu sana, na anasema usirudi bila kumletea kitambaa. Jicho likipona, njoo tupande mtumbwi pamoja. Mimi nitahesabu, wewe utaandika. Na ukiona nimekosea, niambie palepale, usifanye kama mimi.

Bintiyo akupendaye,
Jacirene