Abiria Aitwaye Mama Tevin

Baba Tevin,

Githeri iko kwa friji, uipashe moto. Mkumbushe Tevin arudishe vitabu vya laibrari leo.

~~Hiyo safari nendeni wawili, mimi nabaki London.~~ Nitaenda, lakini nisikilize kwanza.

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai, nikafungua zile pasi za treni ulizonunua, nione kama viti vyetu vya Paris, Milan na Roma vimeshikwa. Chai ikanishinda. Wewe umeandikwa Solomon Mutwiri Kirimi, majina yote matatu. Tevin yuko sawa. Mimi nimeandikwa Mama Tevin. Kwenye pasi, kwenye kila kiti: Mama ndilo jina langu la kwanza, Tevin ndilo la ukoo.

Nimewapigia waliotuuzia. Dada wa huko akaniuliza kwa upole kama hilo ndilo jina lililo kwenye pasipoti yangu, maana likitofautiana nitateremshwa. Nikamwambia silo. Miaka kumi na sita tumelala kitanda kimoja, na fomu ilipokuuliza mkeo anaitwa nani, hukusita hata kidogo.

Wanarekebisha bure mpaka Ijumaa. Pasipoti nimeiacha hapa, chini ya kikombe. Usimwite Tevin akusaidie. Ifungue mwenyewe, usome, uandike polepole.

Nimeenda shifti, narudi saa kumi.

~~Mama Tevin~~

Mke wako. Jina liko kwenye ukurasa wenye picha.