Nilimuuliza Kama Anatembea

Mwenzangu, uko hapo?

Lile swali letu la mazoezi, tulilopigania chuoni kila mgonjwa aulizwe kama anavyopimwa presha! Leo hapa kliniki nimemuuliza mama mmoja, mumewe kakaa pembeni amemshikia mkoba.

Nikasema, "Mama, huwa unatembea?" Akamtupia jicho mumewe. Nikadhani hajaelewa, nikaongeza na tabasamu langu la kijinga, "Unatembea nje, au unaishia ndani tu?"

Unatembea nje, kama vile nje ya ndoa. Mbele ya mumewe! Mimi!

Nilipojisikia nilicheka mwenyewe. "Jamani, nasema mazoezi, miguu!" Mama hakucheka. Mashine ya presha ilikuwa bado mkononi mwake, nikaona namba zinapanda. Akaninong'oneza, "Nani kakwambia?"

Nani kakwambia. Mwenzangu, sikuwa najua lolote!

Mume hakupandisha sauti. Alimfungua mkanda wa presha kwa mkono wake, polepole kabisa. "Asante, mwanangu. Mimi nimeuliza mwaka mzima, sijajibiwa." Kisha akamwambia mkewe, "Twende nyumbani."

Nikasema presha iko juu mno, abaki apumzike. Mama akanitazama kama vile mimi ndiye wa kuhurumiwa. "Umeshanipima, mwanangu. Inatosha." Wakaondoka.

Nimempigia mama sasa hivi. Kapokea mume. "Amepumzika," kasema, akakata.

Sauti yake ilikuwa ya upole uleule. Nimemwambia muuguzi mkuu kila kitu, anavaa viatu. Tunabeba mashine, tunakwenda kwao. Kaa karibu na simu.