Mashine Imefufuka, Éphraïm

Likasi, Ijumaa tarehe 6 Juni 2025

Mdogo wangu Éphraïm,

Amani ya Bwana iwe kwako, kwa Élise na kwa watoto wetu Orpha na Michée. Natumaini barua hii inakukuta mzima, nyavu zako nzima, na ule mgongo uliokusumbua wakati wa mvua umetulia. Hapa nyumbani mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, maana tangu jana mchana siwezi kukaa kitini. Majirani wameniuliza kama nimepata bwana. Nimewajibu hapana, nimepata diski.

Najua unaitazama karatasi hii kwa jicho la pembeni. Wiki saba sasa hupokei simu yangu. Nikipiga kwa Élise ananiambia uko majini, na naona siku hizi unalala humo humo majini. Ulituma neno kwa wachuuzi wa samaki kwamba mlango wa dada yako Hélène hutauvuka tena, na neno hilo lilinifikia sokoni, mbele ya watu. Basi nimeamua kuandika. Ninalotaka ni moja tu, turudi kuwa ndugu kama zamani. Lakini unanijua, siwezi kuanza na la mwisho. Niache kwanza nikupe habari ya mashine, kwa sababu ni habari yako pia.

Éphraïm, mashine imefufuka! Kompyuta yangu ile ile, iliyonilisha miaka sita katika sekretariati hii ya kuwachapia watu karatasi zao. Zamani niliiwasha, nikaenda kusonga bukari, nikarudi na kuikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Sasa unabonyeza, unahesabu, na hujafika kumi na tano imeshafunguka na inakungoja wewe. Leo nimeiwasha na kuizima mara nane bila kazi yoyote, kwa raha tu.

Unakumbuka hali uliyoiacha. Ile Jumatatu ya Pasaka, mlipokuwa wageni wangu, nilitoka misa na wanafunzi watatu nyuma yangu, wamekuja kuangalia kazi zao za kumaliza masomo ninazowachapia. Tukaikuta kompyuta imezimika, ina moto kama pasi, nawe umesimama kando yake. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Hapo ndipo niliposema lile neno, wanafunzi wakisikia na Élise akisikia jikoni, kwamba mikono ya samaki haikuumbwa kwa mashine za watu. Ulichukua mfuko wako na mke wako, hukungoja hata chakula.

Mlipoondoka nililia siku mbili. Nisikudanganye, sikukulilia wewe. Nililia kazi kumi na tisa za wanafunzi zilizokuwa ndani ya mashine, na wote wanatakiwa kuzipeleka shuleni kabla ya katikati ya mwezi huu. Mmoja wao, anaitwa Ghislain, kijana mwenye maneno mengi, akaniambia kuna mzee mmoja karibu na soko, baba Stanislas, aliyefunga na kufungua pampu za kiwandani miaka thelathini, na sasa anatengeneza kompyuta kwenye meza ya mbao. Nikasema moyoni, pampu na kompyuta wapi na wapi? Lakini mtu akizama hachagui kamba, nikamwita.

Ungemwona, ungecheka. Kabla ya kugusa kitu alitoa mfukoni kadi nyekundu yenye uzi, akaifunga kwenye waya wa chaja. Kadi ina jina lake, na chini yake imeandikwa usiwashe, kuna mtu kazini. Nikamwambia baba, humu ndani ni mimi na wewe tu, na umeme wenyewe umekatika tangu asubuhi. Akanijibu kwamba kiwandani waliopoteza vidole ni wale waliosema tuko wawili tu. Tangu siku hiyo hata mimi siigusi mashine kama kadi haijafunguliwa.

Halafu hakubahatisha. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba ni virusi, kisha nikaamua ni kioo, kisha ni uchawi wa yule mwenye sekretariati ya ng'ambo ya barabara. Yeye aliomba daftari. Akaniambia, “Mama Hélène, tubadilishe kintu kimoja, tuangalie. Tukibadilisha bintu bibili, hatutayua kenye kilisaidia.” Umeme uliporudi akapima chaja, nzima. Akatoa betri, akaikuta imevimba tumbo. Akashika kile kitufe cha kuwashia nusu dakika nzima, akaunganisha chaja bila betri. Taa ikawaka! Feni ikakohoa, lakini kioo kikabaki cheusi. Nilikuwa nimeshaanza kupiga vigelegele, akaninyamazisha.

Akafungua tumbo la mashine, akachomoa vile vibao viwili vya kumbukumbu, akaniomba gomu ya shule, ile ya kufutia penseli. Nikafikiri mzee amechoka. Kumbe alitaka kusugua nayo meno ya vibao, taratibu, kama mtu anayesafisha pete. Akarudisha kimoja tu, akawasha, na kioo kikawaka! Maneno meupe yakatokea, yakisema diski haisomeki. Habari mbaya, lakini Éphraïm, niliyapenda maneno yale. Mashine ilikuwa inasema nami tena. Baada ya dakika chache ikazimika yenyewe, ina moto ule ule, naye akaandika hilo pia kwenye daftari.

Ndipo akafika kwenye feni. Alipoifungua alicheka mpaka akavua miwani. Njia yote ya hewa ilikuwa imezibwa na sufi. Sufi nyeupe, iliyoshikana na lile vumbi la chokaa ambalo malori ya machimbo ya Kakontwe yanatumwagia kila siku, ikawa ngumu kama godoro la zamani. Unajua sufi ilitoka wapi. Nilikuwa nimeifumia mashine naperoni mbili, vile vitambaa vyangu vya kroshe unavyovisifu, moja ya kuilazia na nyingine ya kuifunika, kama tunavyofunika redio na televisheni ili mgeni aone kwamba kitu hiki kinaheshimiwa. Na mara nyingi niliifunika ingali inawaka, printa ikiendelea kuchapa. Baba Stanislas alisema, “Weye uliivalisha ordi koti, kisha ukaifunga pua.” Akaisafisha, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya moyo wa mashine, na feni ikaanza kuzunguka kwa sauti ndogo kabisa. Hiyo ilikuwa tarehe tano ya Mei. Ishike tarehe hiyo, nitairudia.

Diski nayo ilikuwa mahututi, joto lilikuwa limeimaliza. Hapo tukakaa kupanga kama watu wanaopanga harusi. Mimi nilitaka tuongeze kumbukumbu kwanza, maana Ghislain alinijaza kichwa kwamba giga nne ni kidogo, siku hizi ni nane au kumi na sita. Mzee akaniuliza kitu gani kinanitesa zaidi nikifanya kazi. Nikasema kungoja. Akasema basi kwanza diski ya aina mpya, ile wanayoiita SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Pili kumbukumbu, tatu betri, ili umeme ukikatika nisipoteze ukurasa wa mtu. Nikaandika orodha, nikaibandika ukutani karibu na kalenda ya parokia, na kila asubuhi naisoma.

Kwenye kumbukumbu nilifanya haraka, kama kawaida yangu. Nilimwagiza mtu Lubumbashi aniletee kibao cha nane, kikafika kabla ya siku tatu. Nikakipeleka kwa mzee nikitembea kwa madaha. Hakikuingia, ni cha kizazi kingine, pengo lake liko mahali pengine. Nikasema tukisukume kidogo kitaingia tu. Éphraïm, mzee yule mpole alinifokea! Kikarudi Lubumbashi, kikaja kingine, nacho kikaingia kwa mlio mdogo mtamu ambao ningependa uusikie.

SSD ikachelewa mpaka jana, Alhamisi. Muda wote huo mzee alikataa kuigusa diski ya zamani. Alisema mgonjwa huyu amebakiza pumzi moja, hatutaitumia mpaka tuwe na chombo cha kupokelea. Jana akaiweka SSD ndani ya mashine, ile ya zamani akaiunganisha kwa waya, ikaanza kugonga ndani, tik, tik. Nikashika rozari. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana ilitoa kazi moja moja, na zote kumi na tisa zimetoka, hata yenye michoro. Ghislain aliruka akagonga kichwa kwenye mlango. Mimi nilicheza, na baba Stanislas akacheza kidogo, upande mmoja tu kwa sababu ya goti.

Kisha wakaondoka, nikabaki peke yangu nikipanga mafaili mahali pake. Nikakuta moja nisilolijua. Lina jina la “yaya”, unavyoniita mimi dada yako mkubwa, na lilihifadhiwa Jumatatu ya Pasaka, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Nikalifungua. Juu kabisa kuna jina lako, mara kumi hivi, mara herufi zimekosewa, mara zimekaa vizuri. Halafu Élise, Orpha, Michée. Halafu umeandika, “minye ephraim naandika minye mwenyewe yaya helene atashangaa.” Na chini yake, mstari wa mwisho, “mashini iko na moto mingi nazima kwanza isiharibike.”

Mdogo wangu, niliusoma mstari huo nikaweka mikono kichwani. Ulikuwa unajifunza kuandika kwa mashine ili unifurahishe. Ulisikia joto nililokataa kulisikia, ukaizima kwa utaratibu, ukahifadhi hata ukurasa wako. Wewe ndiye uliyeihurumia, na mimi ndiye niliyekutukana.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu, na ambalo kwa ajili yake nimezunguka kurasa zote hizi. Nilijua kwamba si wewe. Tarehe tano ya Mei nilijua ni sufi yangu, mwezi mzima umepita, nami nikakaa kimya kwa sababu ya aibu. Lakini hata hiyo si kweli yote. Nilijua hata siku ile ya Pasaka, nilipokuwa nakufokea. Tangu Kwaresima mashine ilikuwa inazimika yenyewe, feni inalia, na Jumamosi ya kuamkia Matawi ilizimika mara mbili nikiwa na mteja. Nilificha, nikiogopa wanafunzi watahamia ng'ambo ya barabara. Siku ile waliponitazama wote watatu, nilihitaji mtu wa kubeba lawama, na wewe ulikuwa umesimama pale. Nilichagua wanafunzi wanione mimi mwema na wewe mjinga. Wewe, niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa hospitalini. Nimejichukia kwa hilo, na nimestahili kila simu usiyoipokea.

Leo asubuhi nimewaita wale watatu, na baba Stanislas, nikawaambia yote kama nilivyokuandikia hapa. Nimewaonyesha ukurasa wako. Mzee aliusoma polepole, akasema mtu anayezima mashine kabla haijaungua, kiwandani wangempa kazi siku hiyo hiyo. Ukurasa wenyewe nimeuchapa, umeuona umekunjwa ndani ya bahasha. Sikurekebisha hata herufi moja. Lakini walionisikia nikikutukana hawakuwa hao tu, alikuwepo na mkeo, na neno nililolisema akilisikia haliwezi kufutwa kwa karatasi.

Kwa kawaida hapa ndipo ningekuomba unisalimie Élise, uwabusu Orpha na Michée kwa niaba yangu. Leo siombi. Kesho alfajiri napanda lori la wachuuzi kuja kwenu ziwani Tshangalele, na barua hii nitamwekea Élise mkononi mimi mwenyewe, nikimwomba asikuambie kitu mpaka umalize kusoma. Kwa hiyo sasa hivi, unaposoma mstari huu, mimi niko kwa mama Dodo, pale wanapokaushia samaki, nimekaa juu ya kreti na moshi unaniingia machoni. Lori linarudi Likasi saa kumi alasiri. Usipokuja nitapanda nirudi, wala sitakulaumu. Ukija, njoo na Élise.

Ni mimi dada yako,
Yaya Hélène