Mzungu Anayemwonyesha Mke Wangu Ndege

Dada Mapendo, huko Uvira,

Mimi mdogo wako nimefika miaka sabini na nane. Nimezishinda vita mbili, na madaktari wawili walioniambia sitaiona Krismasi. Wao wamezikwa. Je, goti lako linaendeleaje?

Dada, nina hasira. Mama Neema alienda Uingereza kwa binti yetu kulea mjukuu, miezi mitatu tu. Sasa ni mwaka. Kumbe kuna jirani, mzee Mzungu aliyefiwa na mkewe. Ana kitabu cha viumbe vya nchi yao. Bustanini anahesabu vipepeo na mke wangu. Pwani wanapindua mawe, wakipata kaa wanatafuta jina lake. Vichwa viwili, kitabu kimoja! Nikipiga simu naambiwa, "Baba Neema, ngoja kidogo, kuna ndege hapa." Mimi nimngoje ndege?

Nikaenda Wandegeya, hapa Kampala, kwa Otieno, Mkenya anayechapa karatasi za wanafunzi.

"Nitolee picha za ndege wote wa Uingereza."

"Wote, mzee? Unaenda kuoa huko?"

"Mke ninaye. Ndiyo shida yenyewe."

Nimewabandika ukuta mzima hapa Kisugu. Majina ya Kizungu yananishinda, lakini midomo, miguu, mikia, yote nimeshika.

Jumapili wakapiga simu ya picha wakiwa pwani. Kandege kanatembea matopeni, kanatikisa mkia. Mzungu anafungua kitabu, anafunga, hajui. Nikapiga kelele: "Tafuta mwenye weupe unaopanda begani! Huyo alikuwa anatutikisia mkia Uvira tukifua nguo. Ni wa kwetu, huko anatembea tu!" Mama Neema akamtafsiria. Mzungu akapekua, akapata, akavua kofia.

Nikajua nimemmaliza. Wapi! Sasa anasema mimi ndiye fundi aliyekuwa akimtafuta. Anakuja Kampala nimwonyeshe ndege wetu, na mke wangu ndiye anamleta.

Dada, wewe ndiye ulinichumbia mke huyu. Mpigie. Muulize kama anarudi kukaa au anatembeza mgeni tu. Mimi siwezi kumuuliza, atacheka. Mwambie mguu wa kitanda nimeutengeneza. Mzungu atalala kwa mchungaji wa kanisa letu, nimeshaomba.

Nisalimie shemeji yangu mvuvi na yule shangazi wa kwaya.

Ni mimi mdogo wako, Baba Neema. Ukidhani natia chumvi, muulize mchungaji. Ndiye alinishikia simu, kofia ikivuliwa aliiona.