Ulivyoongea Ukipasuliwa Kichwa

Kwako mama yangu, Wangui,

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya mabomba, huku karibu na Voi, tunakochimba mtaro wa maji. Jua la huku halina adabu, na mgongo wangu huanza kulalamika hata saa nne haijafika. Unajua niliishia darasa la sita, kwa hivyo usitarajie maneno makubwa. Lakini juzi mwenzangu hapa kazini alipata habari kwamba dada yake ana kansa ya ubongo, akaniuliza, "Kariuki, hiyo kitu ni nini hasa?" Nikajikuta namweleza, tena natabasamu. Alinishangaa. Nilikuwa nakukumbuka wewe.

Ilianza na maneno. Ulikuwa unasonga ugali ukaniambia, "Niletee mwavuli haraka, inashika chini!" Nikakuletea mwavuli. Ukaniangalia kama mjinga, kumbe ulitaka mwiko, kisha tukacheka wote, na mke wangu Njeri akashika tumbo lake, lililokuwa na mimba ya miezi minne. Kesho yake kuku akawa kiatu. Tulidhani ni utani wako, maana utani hukukosa. Kichwa kilipozidi kuuma, sisi wenyewe tukaamua ni brusela, ile homa ya maziwa mabichi, kama mtu yeyote wa kwetu Kieni anayekunywa maziwa. Ulimeza vidonge vya brusela hadi siku ulipoanguka sokoni Chaka, ukitetemeka katikati ya magunia ya viazi. Watu wakaanza kukemea mapepo. Mimi nikatafuta gari.

Hospitali ya Nyeri walikupiga picha ya kichwa, na daktari mmoja msichana akatueleza bila kuficha. Kansa ilikuwa imeanzia kwenye ubongo wenyewe, upande wa kushoto, karibu na mahali maneno hukaa. Haikutoka kwa laana, wala haiambukizi. Uvimbe ungeweza kutolewa, lakini vijizizi vyake vilikuwa vimepenya pembeni, na havionekani kwa macho.

Ukamuuliza, "Hiyo si ni thangari?"

Daktari alikulia shambani Murang'a, ile nyasi sugu anaijua. Akacheka, akakuita bibi kwa Kikuyu. "Eeh, cucu. Ni thangari kabisa."

"Basi nimeelewa. Unang'oa shina, mizizi inabaki. Na ukivuta kwa nguvu, unatoka na viazi."

"Viazi ni maneno yako, cucu. Hizo sitaki kung'oa."

Akasema baada ya upasuaji utapigwa mionzi na kupewa dawa za kuchoma mizizi itakayobaki, lakini siku moja itaota tena. Matibabu yangekuongezea muda, yasingekuponya. Mimi nilitaka turudi nyumbani. Niliogopa kisu kuliko ugonjwa. Wewe ukamwonyesha daktari tumbo la Njeri. Alijua desturi yetu, kwamba binti wa kwanza wa mwanao hupewa jina lako.

"Huyu akiwa msichana, ni mimi," ulisema. "Sitaki aitwe jina yangu halafu nishindwe kumwita. Kata."

Walikuamsha katikati ya upasuaji ili uongee, wajue wapi wasiguse. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, walituambia, nami sikuamini hadi daktari alipotoka chumbani, macho mekundu kwa uchovu, akicheka. "Ati mama yenu ametufundisha kupanda viazi kwa saa nzima! Ametugombeza hatuweki mbolea ya kutosha."

Nililia pale kwenye korido, Mama, mtu mzima na viatu vya matope.

Dawa za kutuliza kuvimba kwa ubongo zilikufanya ule kama kibarua, mashavu yakajaa. Mama Wahome wa duka akakuona akapiga makofi: "Wangui, umenona! Kariuki anakufichia nyama!" Ukamjibu, "Na wewe tafuta kijana wa kukufichia nyama." Wiki sita za mionzi ulizipitia hivyo, ukichoka, ukilala mchana, nywele za upande mmoja zimekwisha, kofia ya sufu imekaa upande. Maneno mengine yalichelewa kuja. Ukilikosa neno, ulitupigia ishara na mikono mpaka tulipate.

Msichana alizaliwa. Ulipiga vigelegele vitatu, kama inavyotakiwa kwa msichana, wauguzi wakaja mbio kukunyamazisha. Ukambeba. Nilikuona ukilitafuta jina, midomo ikicheza, na hakuna aliyethubutu kukusaidia. Kisha likatoka zima: "Wangui. Karibu, rika yangu."

Tulipata mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya siku hiyo. Thangari ikaota, kama tulivyoambiwa, na ukaondoka ukiwa kitandani kwako. Sidai zaidi ya hapo. Nilimwambia mwenzangu wa mtaroni hivyo hivyo: ampeleke dada yake, aulize kila kitu, asione haya kuuliza mara mbili.

Wangui sasa ana miaka minne. Namwita Mama, naye amenizoea kama mtoto wake. Jana jioni alimpokonya Njeri simu.

"We Kariuki, umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Umekula nini?"

Sikuwa nimekula. Nikaanza kumtajia vyakula kimoja kimoja, ili aendelee kuniuliza.

Pumzika, Mama. Mionzi ya huku ni ya jua tu, naivumilia.

Ni mimi kitinda mimba wako,
baba ya Wangui.