Jina la Mtoto wa Januari

Mjukuu wangu Nekesa,

Namshukuru Mungu mmetoka hospitali salama, wewe na mtoto. Mimi niko tu hapa Kitale, mguu unauma kidogo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mjomba wako hajapiga simu tangu Krismasi.

Umeniuliza kijana tumwite nani. Nikiwa msichana kule Matulo, mama alimzaa ndugu yangu, nikakimbia kumwuliza kukhu, nyanya yangu, jina. Alifungua mlango akatazama nje: vumbi, majani makavu, watu wakichoma shamba.

"Simiyu," akasema, akarudi kukoroga uji. Kiangazi kilikuwa kimempa jina. Hata wewe ulizaliwa tukivuna, ndiyo maana wewe ni Nekesa.

Wako ni wa Januari, mwezi wa kiangazi, kwa hiyo angekuwa Simiyu. Lakini nilipofungua mlango, maji yalikuwa kwenye kizingiti, na mahindi niliyokuwa nimeanika uani yalikuwa yameenda na mafuriko. Uliniambia kwenye simu kwamba dunia imepata joto, na hewa ya joto hubeba maji mengi kisha huyamwaga yote kwa mara moja. Nakuamini. Nilisimama pale nikitafuta mtu wa kumwuliza, "Sasa msimu huu ni upi?" Wale ambao ningewauliza wote wameshazikwa.

Kwa hivyo sijapata jina. Mlete mtoto barabara ikipitika. Nitambeba mpaka mlangoni tutazame nje. Hata tusipojua tunachokiona, tutakuwa wawili.

Kukhu wako