Kichuguu Ulichokivulia Kofia

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia tena, lakini ulinilea hivyo, na siwezi kuanza kwa namna nyingine.

Kofia yako bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango, hapa Gitting. Ulikula nayo, ukaendesha nayo trekta, na Mama aliapa kwamba unalala nayo. Ulikuwa ukiivua mahali pawili tu, kanisani na msibani.

Unakumbuka likizo ile uliponichukua kwenda nawe Basotu, nikiwa darasa la pili? Ulikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano, nami nilijiona mtoto wa waziri, nimekaa pembeni ya usukani nikitafuna mahindi ya kuchoma. Katikati ya shamba palikuwa na kilima kidogo cha udongo. Plau ikapita juu yake. Nikakuuliza ni nini, ukasema, "Kichuguu tu, mwanangu."

Kesho yake tukamkuta bibi mmoja wa Kibarabaig, amevaa sketi yake ya ngozi, amesimama pale pale ulipolima, na kibuyu kidogo mkononi. Ukazima injini, ukashuka, ukavua kofia. Ulipopanda tena nilikuuliza anatafuta nini. Ukasema anatafuta ng'ombe wake. Kisha ukanyamaza mpaka jioni, wewe uliyekuwa ukipiga soga hata na trekta.

Nilikuwa nimeyasahau hayo yote, mpaka jana.

Jana nilikuwa nafundisha historia darasa la sita, somo la wakoloni na ardhi yetu. Watoto wanayajua majibu: wakaja Wajerumani, wakaja Waingereza, ukaja uhuru, basi. Binti mmoja, Paulina, akanyoosha mkono. Akaeleza kwamba kwao Wabarabaig, mzee wa heshima akifa hujengewa kaburi la kuinuka, la udongo na miti, kazi ya miezi mingi, na watu wake hulitembelea na siagi. Baba wa babu yake alizikwa hivyo Basotu. Siku moja mjane wake alikwenda na siagi kwenye kibuyu, akakuta pamelimwa.

Halafu akauliza, "Mwalimu, waliolima kaburi letu walikuwa Watanzania wenzetu, na uhuru ulishapatikana. Hao tuwaandike wapi?"

Nikasema tutaendelea Alhamisi. Sijawahi kuifurahia kengele namna ile.

Baba, nimechanganyikiwa. Kama kilikuwa kichuguu, kofia uliivua ya nini? Kama ulijua ni kaburi, uliwezaje? Labda msimamizi aliamuru na wewe ulikuwa na sisi wa kulisha. Labda ulijua pale tu ulipomwona yule bibi. Nataka sana iwe hivyo, na ndiyo maana siamini. Ualimu wangu wenyewe umetoka kwenye usukani ule. Nikifikiria hivyo nakukasirikia, na kabla hasira haijatulia nakukumbuka mpaka nalia. Kitabu cha darasa hakina ukurasa wa mtu kama wewe. Nikiwafundisha watoto habari za Wajerumani tu, nitakuwa nimesema kweli, na bado nitakuwa nimewadanganya.

Mama nimemweleza. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Usimpeleke baba yako darasani. Hawezi kujitetea."

Leo baada ya vipindi nilikwenda kwa babu yake Paulina kumwomba aje awasimulie watoto mwenyewe. Ni mzee mpole, mrefu, fimbo mkononi. Alikubali. Nilipokuwa naaga, aliniuliza swali ambalo kila mzee wa huku humuuliza mgeni: "Wewe ni binti wa nani?"

Nikamtajia ukoo wa Mama. Nilikukana, Baba, mbele ya mtu ambaye kaburi la baba yake ulilipitishia plau. Njia nzima sikujua nimemficha nani, wewe au mimi.

Kesho ni Alhamisi. Kofia yako nimeshaiweka kwenye mkoba, pamoja na chaki. Sijui nitawaambia watoto wakuandike wapi. Sijui hata mzee yule atabaki amekaa au atainuka aondoke. Nitamwamkia kwanza, halafu, kabla hajaanza kusimulia, nitamjibu upya lile swali lake.

Kama nimekosea, nisamehe. Lala salama, Baba.

Ni mimi binti yako,
yule wa pembeni ya usukani